Kilo Tisa Bila Yai

Bariadi,
9 Machi 2025

Violeth,

Hapa hatujambo. Josia amerudi juzi na lori lake, mgongo unamsumbua lakini anakula. Jenipha yuko shuleni Maswa, kapata themanini na moja kwenye hesabu, na zile kumi na tisa zilizobaki nimemwambia azifuate. Mama mkwe, Bibi Nyanjige, ametimiza mwaka tangu tumtoe Nkololo. Alikuja na ng'ombe wake wawili wa maziwa na kibuyu chake cha kusukia, na sina neno naye. Mvua si haba, watu wanasubiri ipungue wapande dengu. Wewe na Keneth nadhani mnaendelea na baridi yenu huko Njombe.

Sasa. Mzigo wako umefika Jumatano kwa basi. Nikaufungua pale pale mgahawani mbele ya wateja, nikidhani ni kitenge. Ni mizani. Mizani ya kupimia mwili, Violeth! Athanasi wa bodaboda ndiye aliyeiona kwanza. Akasema, "Mama Jeni, hiyo ni ya kupimia nyama au ya kumpimia mwenye nyama?" Siku hiyo hakupata chai kwangu.

Mtu amekosa, anatafuta zawadi ya kupatana na dada yake, katika vitu vyote vya duniani anachagua mizani. Umepiga simu mara kumi na saba tangu Januari, nimezihesabu. Sijapokea na sitapokea. Kwenye simu huwa unanikatiza. Karatasi haina mdomo.

Nirudie ulichokisema, usije ukasema nimesikia vibaya. Ulikaa redioni kwenye kipindi cha lishe ukawaambia watu: "Hata dada yangu mwenyewe kule Bariadi, mtu mzima, mfanyabiashara, ana kilo mia na hagusi yai kwa sababu ya imani za kizamani." Siku ya pili sauti yako ilikuwa kwenye kundi la ukoo. Siku ya tatu ilikuwa stendi. Mimi nilianza na jiko moja na sufuria ya kuazima, leo meza sita zinajaa kabla ya saa mbili asubuhi, na hujawahi kunitaja redioni kwa hilo. Umenitaja kwa kilo. Na hata kilo umekosea. Ni tisini na tisa na gramu mia mbili. Nimepanda kwenye mizani yako.

Nakuandikia kwa shida, nayo nitaisema mara moja. Kizazi changu kina uvimbe. Kati ya siku ishirini na nane natoka damu siku kumi na moja. Nikipanda ngazi za benki nasimama katikati kama mzee. Daktari wa Mwanza anasema kizazi kitolewe, lakini kwa uzito huu na presha hii haniwekei dawa ya usingizi. Nirudi Septemba nikiwa na kilo tisini na presha imeshuka. Nikishindwa tutaendelea kuongeza damu mpaka moyo uchoke. Amenieleza hivyo bila kuzunguka. Josia anajua. Mama mkwe hajui na asijue. Bado ananiombea mtoto wa kiume.

Tatizo langu ni asubuhi. Saa kumi alfajiri nipo jikoni. Ikifika saa tatu nimeshakula chapati mbili, maandazi matatu na vikombe viwili vya chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu kila kikombe, nimesimama, hata sijui kama nimekula. Saa tano njaa imenishika upya. Daktari kasema asubuhi nile protini ndiyo nitashiba, akaandika kwenye karatasi: mayai mawili. Nikamwambia sili mayai. Akaniangalia kama unavyoniangaliaga wewe.

Niandikie chakula cha asubuhi chenye protini, kisicho na yai. Kwa gramu. Vitu vya soko la Bariadi, siyo vya vitabu vyako. Nakuuliza kwa kuwa ndiyo kazi yako, siyo kwa kuwa tumepatana. Na sababu ya mayai usiniulize.

Ni mimi dada yako,
Evalina


Njombe,
18 Machi 2025

Mpendwa dada,

Mwadila dada yangu. Sisi wazima, Keneth anakusalimu na anasema shemeji asibebe magunia mwenyewe. Baridi imeanza, asubuhi mkono hauachi mfuko.

Barua yako nimeisoma nimekaa kwenye gari la ofisi, dereva akaniuliza kama kuna msiba. Nilisema hapana. Dada, siku kumi na moja, na hukuniambia? Ya redio nitaandika nikipata maneno. Leo niache nifanye kazi yangu.

Lengo ni gramu ishirini na tano hadi thelathini za protini kila asubuhi. Chapati na maandazi yako yakijitahidi yanafika ishirini, lakini yamebeba mafuta na sukari za kumtosha mtu anayelima mpaka jioni. Ndiyo maana kilo zinapanda na njaa inarudi.

Anza na choroko. Zichemshe na nyanya, kitunguu na chumvi kidogo sana, usikaange. Kikombe kilichojaa kina gramu kumi na nne. Kunywa na maziwa mgando kikombe na nusu, yale yaliyokwisha kusukwa na kutolewa siagi, hapo unapata nyingine kumi na mbili. Siagi ndiyo yenye mafuta. Protini inabaki kwenye maziwa. Mama mkwe ana kibuyu, huna haja ya kununua chochote.

Siku nyingine tumia unga wa dengu. Kikombe kisichojaa sana kina gramu ishirini. Koroga na maji, kitunguu, hoho na karoti iliyokwanguliwa, umimine kwenye kikaango cha chapati kilichopakwa mafuta kwa kitambaa tu. Inaiva kama yai la kukaanga na haina yai ndani. Siku ya tatu dagaa wa Lamadi, kiganja kimoja cha wakavu, uwaloweke kwanza chumvi itoke kwa ajili ya presha, uwapike na nyanya na limao, na nusu kikombe cha maharage. Ukipata sato mbichi, mchemshe, kipande cha ukubwa wa kiganja, na kunde pembeni. Karanga usizidishe mkono mmoja: zina protini lakini mafuta yake ni mengi. Michembe ya viazi vitamu vipande vitatu. Vitatu dada, siyo sahani.

Chai kunywa saa nzima baada ya kula, kwa sababu inazuia madini ya damu, na wewe damu huna ya kuchezea. Sukari uipunguze kijiko kimoja kila wiki. Na ule umekaa. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Ukipungua haraka zaidi ya hapo utaishiwa nguvu kabla ya upasuaji.

Yai moja kwa siku lingerahisisha yote haya. Siulizi. Nasema tu.

Mdogo wako,
Violeth


Bariadi,
13 Aprili 2025

Violeth,

Salamu zako zimefika. Josia yuko njiani kwenda Malampaka na mzigo wa kituo cha reli. Ng'ombe mmoja wa mama amezaa, ndama jike, nyumba nzima imekuwa na furaha kama tumepata mtoto.

Tisini na tano na gramu mia tisa. Wiki tano, kilo tatu na gramu mia tatu. Najipima Jumapili alfajiri, kabla ya maji, kitenge kile kile. Nimeandika kila wiki ukutani nyuma ya mlango wa stoo.

Choroko zimenikubali. Siku ya kwanza nilikaa kitini saa kumi na mbili kamili na sahani mbele yangu, wafanyakazi wangu wakadhani naumwa. Saa tano ikafika, njaa hakuna. Nikangoja. Saa sita, hakuna. Nikasema kumbe miaka yote hii nimekuwa nakula bila kula.

Unga wa dengu ulinitesa. Wa kwanza nilisaga na maganda yake, ukang'ang'ania kikaangoni nikautoa kwa kisu. Wa pili nikakoboa kwanza, nikauacha umelowa nusu saa, ukatoka kama chapati ya maji. Athanasi akasema, "Mama, nipe hiyo ya kwako, naona unaila umefumba macho." Sasa nauza. Wanaume wa stendi wanaiita "ya mizani", na mimi nimeacha kukasirika kwa sababu sahani ishirini na mbili kwa siku hazikasirishi mtu.

Mama mkwe ameanza kuniangalia. Juzi ananishika mkono hapa juu ya kiwiko, anabonyeza kama ananunua mbuzi. "Josia anakunyima chakula?" Nikamwambia hapana mayu, mama yangu, ni kazi nyingi. Kesho yake akasema yeye ndiye atakayepika choroko zangu nyumbani na kuniletea kwenye hotpoti pamoja na maziwa, mimi nisihangaike. Nikaona ni vizuri. Mzee akipata kazi anachangamka.

Yai naona umeliingiza kwa mlango wa nyuma. Nimeliona. Usirudie.

Evalina


Njombe,
27 Aprili 2025

Mpendwa dada,

Hongera kwa ndama na kwa kilo tatu. Nilimsomea Keneth ile ya chapati ya dengu, akasema niipike nami, nimepika, imeungua.

Nina neno moja tu, nalo ni la mdogo kwa mkubwa, kwa hiyo lipokee ukiwa umekaa. Mwambie mama mkwe. Unakonda mbele ya macho yake na hajui kwa nini. Mtu asiyeambiwa hujitafutia jibu mwenyewe.

Redio: kuna mambo nayasema kila siku kwa akina mama, nikayasema yale bila kufikiri kwamba nina ndugu mwenye masikio. Naona bado halijatoka vizuri. Nitajaribu tena.

Violeth


Bariadi,
1 Juni 2025

Violeth,

Hatujambo. Pamba imeanza kufunguka Kasoli, malori yanatafutwa, kwa hiyo Josia simuoni.

Nakuandikia nikiwa na hasira, nikuambie mapema. Tarehe kumi na moja Mei nilikuwa tisini na nne na gramu mia moja. Tarehe kumi na nane, tisini na nne na mia tatu. Ishirini na tano, tisini na nne na mia mbili. Leo, tisini na nne na mia moja. Wiki tatu nimesimama palepale kama gari lililokwama kwenye tope la mbuga. Chakula ni kile kile. Kikombe ni kile kile. Sukari nimemaliza kabisa, chai nakunywa kavu nikikunja uso. Maandazi napika mia mbili kwa siku, naonja sifuri.

Presha imepanda tena kidogo. Damu mwezi huu siku kumi na mbili. Nimebakiza wiki kumi na tano na kilo nne, na hesabu yako imekataa kwenda. Niambie ukweli: uliniandikia unavyoandikia watu wote, au uliniandikia mimi? Maana kama elimu niliyokusomesha inafika kilo tano tu halafu inaishiwa mafuta, ningejua mapema nikatafute mganga wa Lamadi, yeye angalau angenidanganya ana kwa ana.

Kitu kimoja tu kizuri: choroko za mama mkwe ni tamu siku hizi, sijui anafanyaje.

Evalina


Njombe,
10 Juni 2025

Dada,

Mwadila. Tuko wazima.

Nimepiga hesabu zako mara nne. Mwili hautengenezi mafuta kutoka hewani. Ungekuwa unakula nilichoandika ungekuwa tisini na mbili na nusu. Kuna kitu kinaingia kila siku, kama nusu kilo ya mafuta kwa wiki ukijumlisha, na hukijui. Usiangalie unachokula. Angalia anayekipika.

Soma tena sentensi yako ya mwisho, ile ya choroko tamu.

Violeth


Bariadi,
22 Juni 2025

Violeth mdogo wangu,

Barua hii ni ndefu, tafuta kiti.

Nilisoma sentensi ile. Halafu nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mwezi mzima uliopita. Ng'ombe wa mama wanampa lita mbili za kusuka kila siku, lita kumi na nne kwa wiki. Lita kumi na nne zinatoa samli chupa moja ya soda, ile ya nusu lita, na kila Jumamosi chupa hiyo hupangwa juu ya kabati. Nikaenda kwenye kabati. Chupa ya mwisho ilikuwa na vumbi shingoni. Chupa nne hazipo. Hatujauza, hatujagawa, Josia hayupo nyumbani. Samli haitembei. Nikashika tumbo langu nikasema, iko humu.

Nikamfuata uani. Amekaa kwenye kigoda, kibuyu mapajani, anasuka.

"Mwangaluka, mayu. Samli iko wapi?"

"Samli gani?"

"Ya mwezi mzima."

"Imeisha."

"Imeishia wapi?"

Kibuyu kiliendelea kwenda na kurudi. "Imeliwa na mwenye nyumba."

"Josia yuko Kasoli, mayu."

"Nimesema Josia? Mwenye nyumba ni nani hapa?" Ndipo akaacha kusuka. "Unadhani sioni? Nguo zinakuning'inia kama zimeanikwa. Nilipokwenda kwenye kilio kule Nkololo wameniuliza, mkamwana wako anaumwa nini? Nikasema haumwi. Wakacheka kwa pua. Wananiambia, ng'ombe unao, maziwa unayo, na mke wa mwanao anakauka! Mimi nizikwe naitwa mwanamke aliyemkausha mkamwana wake?"

"Ulikuwa unatia kiasi gani?"

"Kijiko tu."

"Kijiko kipi?"

Akaingia ndani akaniletea. Violeth, si kijiko. Ni upawa. Upawa wa samli kwenye choroko, kila siku ya Mungu, na maziwa alikuwa ananipa hayajatolewa siagi hata kidogo. Mimi nimekaa nasifu utamu.

Nilitaka kugomba, nikaacha. Mtu anasuka maziwa kwa mikono ya miaka sabini na nne, anaitoa siagi, anaiyeyusha, ananipa yote, yeye mwenyewe anakunywa uji mtupu. Nikakaa chini kwenye udongo nikamwambia kila kitu. Uvimbe, damu, Mwanza, kilo tisini.

Alirudi kukaa kwenye kigoda chake. Kisha akasema, "Kwa hiyo mtoto mwingine hakuna."

"Hakuna, mayu."

"Na wewe?"

"Nikifika tisini mimi nitakuwepo."

"Kutoka hapa ni ngapi?"

"Nne."

Akainuka, akachukua ule upawa akanipa niutundike juu kabisa, pale ambapo mimi ndiye ninayefika na yeye hafiki. "Ungesema," akaniambia. "Ningekusukia mpaka maziwa yawe maji." Tangu siku ile ni askari. Juzi alinikuta nimeshika andazi nikimhudumia mteja, akaliondoa mkononi mwangu mbele ya watu wote. Leo nina tisini na tatu na gramu mia mbili.

Sasa jambo lingine. Sikutaka kuliandika, lakini tangu nitoke pale uani linanikera, maana nimeona namna mtu anavyoweza kumlisha mwenzake kwa siri, na mimi niliwahi kuifanya kazi hiyo.

Mama alipofariki wewe ulikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Tulipelekwa kwa bibi, Kasoli. Baada ya miezi minne miguu yako ilivimba, ukibonyezwa shimo linabaki, nywele zikawa nyekundu kama za mahindi, na ukaacha kulia. Hilo la kuacha kulia ndilo lililonitisha. Nilikubeba mpaka zahanati. Mama wa zahanati akasema, mpeni yai kila siku. Nikamwambia bibi. Bibi akasema mayai si ya watoto wa kike, tumbo la mwanamke aliyezoea mayai huoza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kulikuwa na kuku anayetagia kichakani nyuma ya ghala. Nikawa nachukua yai moja kila siku, nalichemsha shambani kwenye kopo, nakulisha kidogo kidogo kwa kidole. Mayai kumi na tisa. La kumi na tano ulilia, nikajua umerudi.

La ishirini bibi alinikuta nalo. Hakunipiga. Aliwaita watoto wote wa mji ule, akatafuta yai viza lililoachwa na kuku aliyeatamia, akanilazimisha nilile mbichi mbele yao, lote, ili nikome. Nilikoma. Tangu siku ile nikisikia harufu ya yai, hata la kwenye keki ya harusi, tumbo langu linapanda mpaka kooni. Mgahawani nina binti anayekaanga mayai nikiwa upande wa pili wa ukuta.

Hiyo ndiyo imani yangu ya kizamani. Na kuhusu tumbo kuoza: miaka thelathini na mbili sijala yai, na limeoza vilevile.

Sikukuambia kwa sababu sikutaka uishi unaniangalia kama mtu wa kushukuriwa. Nilitaka unisikilize kwa kuwa mimi ni dada yako, basi. Na usithubutu kunirudisha redioni, hata kwa sifa.

Evalina


Njombe,
3 Agosti 2025

Dada,

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na sita Juni. Leo ni tarehe tatu Agosti. Siku hizo zote nilikuwa nayo kwenye mkoba wa kazi.

Keneth hajambo. Mimi nilikuwa sijambo pia, kwa macho ya watu.

Nilianza barua nyingi. Moja ilikuwa na neno samahani mara sita, nikaichana, kwa sababu ulishasema hutaki kuangaliwa hivyo. Nikafikiri niende redioni nisahihishe. Nikafika mpaka getini. Nikaona ningekuwa nimekuuza mara ya pili ili mimi nilale vizuri. Nikarudi.

Kwa hiyo nakuambia peke yako, kwa maandishi, ukae nayo: nilisema uongo juu yako. Sikujua ni uongo, lakini sikuuliza, na kuuliza ndiyo kazi ninayolipwa. Nilidhani najua kwa nini mtu hali kitu kwa kuwa nimesoma kwa nini watu hawali. Miaka tisa nafundisha akina mama juu ya miguu inayovimba na nywele zinazogeuka rangi, nawaonyesha picha. Sikujua nilikuwa najionyesha mwenyewe.

Siku hizi mtoto akiletwa kliniki amekaa vibaya, nikimaliza kuongea na mama namtazama na yule dada yake aliyembeba mgongoni. Namuuliza na yeye amekula nini.

Neno "Nasema tu" la barua yangu ya kwanza nalifuta. Uko sahihi kwenye hesabu zako zote. Umebakiza kilo ngapi? Niandikie hata mstari mmoja.

Violeth


Bariadi,
14 Septemba 2025

Violeth mdogo wangu,

Mwadila. Josia amemaliza msimu wa pamba, amelala siku mbili mfululizo. Ndama anatambua jina lake. Jenipha kapata themanini na nane.

Sikukujibu mapema kwa makusudi. Ulinikalia siku thelathini na nane, nami nikakukalia arobaini na mbili, nne za juu ni za mizani. Sasa tumemalizana.

Alhamisi tulikwenda Mwanza, mimi na mama mkwe. Hakukubali kubaki. Alivaa khanga mpya, na njiani kila niliposinzia alinigusa kuona kama napumua. Nilikuwa nimejipima alfajiri: themanini na tisa na gramu mia nane. Mizani ya hospitali ikasema tisini na mia tatu. Nikamwambia daktari nivue viatu. Nikavua. Tisini na mia moja. Mama mkwe akasema, "Avue na hereni." Daktari akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Akasema gramu mia moja hawezi kugombana nazo na wanawake wawili. Presha ni mia thelathini na mbili kwa themanini na nne. Damu imepanda, bado si nyingi lakini inatosha. Akaniuliza nilikuwa nakula nini asubuhi. Nikamtajia: choroko, maziwa ya kusukwa, dengu, dagaa wa kulowekwa, sato Jumamosi. Kwa gramu. Akaanza kuandika, nikamwambia aandike taratibu.

Akakubali. Mama mkwe akamuuliza, "Mkishamaliza, unene wake mtamrudishia?" Daktari akamwambia hapana, mama, huo umekwenda. Akatikisa kichwa mpaka tunatoka nje, lakini mkono wangu hakuuachia.

Naogopa, Violeth. Nimeandika neno hili nikalitazama, nimeona liko sawa, naliacha. Huku wanajua mimi siogopi kitu, na ni kazi ya saa kumi na mbili kwa siku kuwa mtu wa namna hiyo.

Kwenye dirisha la kujiandikisha nesi alijaza fomu. Jina, umri, mahali ninapotoka. Kisha akauliza, "Ndugu wa karibu atakayekaa na mgonjwa? Mmoja tu." Josia mgongo wake haulali kwenye kiti. Mama mkwe alishafungua mdomo, nikamwambia mayu, ng'ombe watakaa na nani? Nikataja jina lako.

"Mnahusianaje?"

"Ni mdogo wangu."

"Anaishi wapi?"

"Njombe."

Akainua macho. "Mama, Njombe ni mbali sana. Nimesema ndugu wa karibu."

"Nimekusikia," nikamwambia. "Huyo ndiye wa karibu. Andika."

Upasuaji ni Jumanne tarehe saba Oktoba, saa mbili asubuhi. Panda basi la Jumamosi tarehe nne, upate Jumapili nzima ya kupumzika. Jumatatu saa nne wanapokea wagonjwa, uwe getini saa tatu na nusu. Siku mbili za kwanza sitaruhusiwa kuinuka, kwa hiyo kijiko utakishika wewe.

Evalina